Aliyemsukuma Selestini

Nachingwea, Stesheni,
20 Julai, 1952.

Kwa Mama yangu mpenzi,
Chinongwe.

Mama, shikamoo. Shikamoo tena ya pili, maana najua ya kwanza umeipokea kwa kununa, kwa jinsi nilivyokaa kimya tangu masika. Mimi mwanao Teodosia ni mzima. Mume wangu Filbert naye ni mzima, ile homa iliyomlaza imemwachia kabisa, na sasa anakula ugali kama mtu aliyeajiriwa kuumaliza. Sijui hali yako wewe. Magoti yanakusumbua bado na baridi hii ya asubuhi? Ufuta umekwisha kukatwa, au bado mnangoja ukauke? Huku tumesikia kwamba mwaka huu umezaa hata mashamba ya wavivu, nikasema basi hata lile la jirani yetu ninalolijua mimi litakuwa limeona mbegu.

Najua katekista Benedikto ndiye atakayekusomea barua hii. Namsalimu sana, yeye na nyumba yake. Ila, Benedikto ndugu yangu, nakuomba umsomee Mama peke yake, ndani, mlango ukiwa umefungwa. Usiruke neno, hata ukiona linauma. Na akikuambia uache kusoma, mpe maji anywe, kisha endelea.

Mama, ujumbe wako niliupata kwa Zaitun, alipokuja kuuza vyungu vyake hapa sokoni. Alinieleza kila kitu kama ulivyomtuma, mpaka sauti yako akaiiga. Alisema ufuta ukishapigwa ataletwa mganga, watu wote wa Chinongwe watakusanyika, na Mjomba Kaimu, kaka yako wa tumbo moja, atanyolewa kichwa mbele za watu na kunyweshwa dawa, akiri kwamba ndiye aliyemuua Selestini. Akikiri atahamishwa, wala hapana mtu atakayekula naye tena. Ukaniagiza nije nisimame upande wako, kwa kuwa mimi ndiye dada wa marehemu. Nitakuja, Mama. Lakini kabla sijaja nataka usikie habari za huku, maana zimenishinda kuzibeba peke yangu.

Sijasahau jinsi tulivyompoteza Selestini. Alipoacha jembe na kuja huku kung'oa visiki katika mashamba makubwa ya karanga, Mjomba alikasirika. Siku ya safari hakumwekea unga wa mtama wa tambiko, hakuwataja wazee waliotangulia, alikaa ndani mwake mpaka kijana akaondoka bila baraka ya mjomba wake. Sisi tumebatizwa, lakini sote tuliona baridi mwilini siku ile, hata wewe na rozari yako mkononi. Kisha mwezi wa Oktoba, Selestini akirudi nyumbani kwa likizo, akapanda lori la magunia ya mahindi. Wenzake walikaa chini, katikati ya magunia. Yeye, kwa ile tabia yake ya kutaka kuona kila kitu kabla ya watu wote, akapanda juu kabisa, akakaa juu ya shehena kama jogoo juu ya kichuguu. Walipopita Nanganga, ngiri akakatiza njia. Dereva akakanyaga breki, lori likasimama. Halikupinduka, halikugonga mti, hata huyo ngiri halikumgusa. Wenzake wakajikung'uta vumbi wakacheka. Selestini peke yake aliruka juu ya paa la dereva, akaenda kuanguka barabarani mbele ya lori, na hakuinuka.

Nakumbuka ulivyouliza siku ya matanga, na ulivyoendelea kuuliza mpaka watu wote wakalishika swali lako. Lori lilikwisha kusimama, nyuma yake hapakuwa na mtu, basi mwanangu alisukumwa na nani? Waliokuwepo pale hawakuweza kukujibu. Mimi nami sikuweza. Na kwa kuwa hapakuwa na mkono ulioonekana, tukautafuta mkono usioonekana, na wa karibu ulikuwa wa Mjomba. Tangu siku ile mimi pia niliacha kumwamkia.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tano nilikwenda kuteka maji bombani. Unanijua, tangu nimekaa mjini nimeanza kujiona mwanamke wa mjini, kwa hiyo nilijitwika debe limejaa pomoni bila kuweka majani juu ya maji. Nilikuwa nakwenda kwa haraka, nimenyoosha shingo, najisikia. Mara tarishi mmoja na baiskeli yake akanikatiza mbele. Nikasimama ghafla. Mama, mimi nilisimama, debe nalo nililizuia kwa mikono miwili likasimama, lakini maji hayakusimama. Yaliruka kwenda mbele kama yanamfuata yule tarishi, yakanimwagikia usoni na kifuani, nikalowa mpaka kanga ya ndani. Tarishi alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Nami nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimpe maneno yake, nikanyamaza katikati. Nilisimama pale njiani nikichuruzika maji, maana nilijisikia nikiuliza swali lako. Maji haya yamesukumwa na nani?

Hapakuwa na mtu nyuma yangu. Sikuyasukuma mimi, mimi nilikuwa najizuia. Wala sikuwa nimegombana na mjomba wa maji.

Jioni nilimwuliza Filbert. Kazi yake, kama unavyojua, ni kuunganisha na kuachanisha mabehewa hapa stesheni. Hakunijibu kwa maneno. Kesho yake alinichukua niende nikatazame wanaume wakisukuma behewa tupu kulipeleka upande wa ghala. Lo, Mama! Walilibandika mabega, wakaimba, mishipa ikawatoka shingoni, na behewa limekaa tu kama halijasikia. Nikadhani limekwama. Kisha likajongea kidogo sana, likajongea tena, na likishaondoka likaenda lenyewe, wanaume wameachia mikono wanapangusa jasho, nalo linakwenda tu, kimya, bila mtu. Nilipiga ukelele. Na kulisimamisha ilikuwa kazi kuliko kuliondoa. Waliweka kipande cha gogo relini, likakisukuma, likakikwaruza mpaka moshi ukatoka, ndipo likakubali. Filbert akasema kitu kilichotulia hakitaki kuondoka, na kilichokwisha kuondoka hakitaki kusimama. Kila kimoja kinakaa na hali yake mpaka kilazimishwe. Na kadiri kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyokuwa kikaidi. Akasema behewa likijaa karanga, wanaume wale wote wangekuwa kama kuku wanaosukuma nyumba.

Mimi maisha yangu yote nilidhani kitu kinachokwenda huchoka, kama mtu. Ukirusha jiwe litachoka, litaanguka. Ukiviringisha mtungi utachoka, utasimama. Kumbe hakichoki, Mama. Kinashikwa. Mchanga unakishika, majani yanakishika, hata upepo unakishika. Pale relini, penye chuma laini, hakuna cha kukishika sana, ndiyo maana behewa linakwenda kama limetumwa mbali. Filbert anasema kama pangekuwa mahali pasipo na kitu chochote cha kukishika, basi kingekwenda tu, siku zote, hata sisi tukifa kingekuwa kinakwenda. Nilimwambia anyamaze maana nilisikia nywele zinanisimama. Usiku huo nilisali, sikujua naomba nini, nilikuwa nashangaa tu mbele za Mungu.

Tangu hapo sina raha na sitaki kuwa nayo. Kila ninachokishika naliona jambo lile lile. Nakung'uta mkeka, nauvuta ghafla, mkeka unaondoka na vumbi linabaki hewani pale lilipokuwa. Nampandisha mtoto wa jirani kwenye toroli, wenzake wanaanza kulisukuma kwa pupa, anaanguka chali, maana toroli limeondoka na yeye bado yupo pale pale. Hata ufuta wako, Mama! Unashika mganda kichwa chini, unaupiga, mche unausimamisha kwa mkono, lakini mbegu zilikwisha kuanza safari, hazisimami, zinatoka kwenye maganda yake zinaangukia mkekani. Wewe umefanya hivyo tangu usichana wako. Na ni wewe uliyenifundisha kuweka majani juu ya maji, kuondoka polepole na kusimama polepole, ukanichapa nilipokuwa mkaidi. Kwa hiyo sikufundishi kitu kigeni. Nakuambia tu kwamba kile ulichokuwa unakijua kichwani kwako chini ya mtungi, ndicho kinachotawala gari moshi, na mawe, na sisi. Hakina upendeleo, wala hakimchukii mtu.

Basi siku moja napeta mchele, nikaliona lile lori. Niliacha ungo chini. Lori linakwenda mbio, na kila kilichomo kinakwenda mbio ile ile, magunia, watu, na Selestini kule juu, ingawa mwenyewe amekaa ametulia na kujiona hajasogea. Dereva anakanyaga breki. Breki inashika magurudumu, barabara inashika magurudumu, lori linasimama. Magunia yamefungwa kamba, kamba inayashika. Wale waliokaa chini wanashikwa na magunia, wanaumia mabega, basi. Na Selestini, Mama? Kule juu kulikuwa na kitu gani cha kumshika? Hakusukumwa. Hapakuwa na mkono wa kumtupa. Kulikosekana mkono wa kumzuia. Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwenye maziko, mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba mpya.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikumwambia Zaitun, wala mtu mwingine yeyote wa Chinongwe. Kama umesimama, keti.

Mjomba Kaimu yupo hapa kwangu. Najua huko mmesema amekimbia dawa. Hakukimbia. Alikuja kwa miguu, amebeba boga kubwa la shambani kwake begani, amekonda, kisogo kimekuwa kama cha mtoto. Alipofika hakuingia. Alikaa nje juu ya kuni, akaweka boga chini, akasema amekuja kuniaga na kuniomba radhi, kisha atarudi Chinongwe kunywa dawa na kukiri. Nikamwuliza atakiri nini. Mama, akaniambia atakiri kwamba alimuua.

Akasema yeye si mchawi, hana tunguri wala hajui kuroga. Lakini siku ile Selestini alipoondoka, alikuwa ndani amekaa, na hasira yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliiona ikitoka mlangoni kumfuata kijana. Na aliposikia namna alivyokufa, ameruka peke yake bila kuguswa na mtu, alijua ni ile hasira. Amekaa na jambo hilo tangu Oktoba. Hajalala, hajala akashiba. Wewe unamtafuta mganga akamfanye akiri, na mwenyewe alikwisha kujihukumu kabla yako. Alisema ni afadhali atoke kijijini, maana hawezi kukutazama usoni wewe dada yake.

Nilimweleza habari za maji na behewa. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hadithi ya mtoto, kisha akasema maji ni maji, na mtu ni mtu.

Jumapili moja, baada ya Misa, Filbert alimwomba Nyapara Yunusi, msimamizi wa njia, atuazime toroli. Ni jukwaa la mbao tu, lina magurudumu ya chuma, hulitumia kubebea mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Wakamwambia Mjomba akae juu yake, katikati, asishike kitu. Mbele yake, hapo kando ya njia na juu ya njia, tulirundika nyasi kavu na magunia matupu mpaka pakawa kama kitanda. Filbert na wenzake wakalisukuma taratibu, likakolea, wakaachia, wakajitenga kando kabisa. Mjomba amekaa, mikono mapajani, anakwenda. Kabla ya kufika kwenye zile nyasi kulikuwa na gogo lililofungwa relini. Toroli likaligonga, likasimama papo hapo.

Mjomba hakusimama. Aliteleza juu ya zile mbao, akatoka nje, akaenda kuzama ndani ya nyasi mpaka miguu tu ndiyo ikaonekana. Na alipoinuka, Mama, jambo la kwanza alilofanya ni kugeuka nyuma kumtafuta aliyemsukuma. Sitasahau jinsi alivyotazama. Nyuma ya toroli hapakuwa na mtu. Filbert alikuwa mbali, mikono ameinyoosha juu ili Mjomba aione.

Alirudi mwenyewe kwenye toroli, akaketi, akatoa ishara warudie. Wakarudia. Akarudi tena. Nyasi zimemjaa kichwani, goti limechubuka, na mimi nampigia kelele aache, hanisikii. Mwisho akaja nyumbani mbio mbio, mtu mzima yule, akachukua lile boga lake, akaliweka pale alipokuwa amekaa yeye. Wakaondoa nyasi, wakalisukuma. Toroli likasimama, boga likaendelea, likapita juu ya gogo, likaenda kupasukia kwenye mataruma, mbegu zikatawanyika. Mjomba akachutama akalitazama. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo sana, kama boga nalo lina mjomba aliyelikasirikia.

Nyapara Yunusi alivua kofia. Mjomba akaanza kulia, akalia kwa sauti, pale pale relini, na kila akivuta pumzi anarudia neno moja tu, kwamba hapakuwa na mkono, hapakuwa na mkono. Nilimshika begani, nikamwamkia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga.

Mama, sikuambii kwamba Mjomba hana kosa. Alimnyima kijana baraka, na hilo analijua, na atakuomba radhi yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Mtu aweza kukasirika na mpwa wake, akanuna, akakosea, na bado asiwe muuaji. Ukimnywesha dawa atakiri chochote mtakachomwuliza, kwa kuwa bado kuna asubuhi anaamka amesahau toroli. Utampoteza kaka yako juu ya mwanao, na mimi nitabaki sina mjomba wala kaka. Na kuna mtu mwingine atakayekosa babu wa kumwita. Sikutaka ulisikie kwa kinywa cha mtu mwingine, lakini mwezi wa kumi, Mungu akipenda, utaitwa bibi.

Jumamosi ijayo tunakuja, mimi na Mjomba. Tumepata lori la dereva tunayemfahamu, na tutakaa chini, migongo yetu imeegemea kibanda chake, Filbert amekwisha kutuapisha. Uliniagiza nisimame upande wako. Nitasimama upande wako, na nitakuwa nimemshika kaka yako mkono. Kama mganga atakuwepo, nitamwambia mbele ya Chinongwe nzima haya niliyokuandikia, na asiyeamini alete debe la maji bila majani.

Umeuliza miezi yote hii aliyemsukuma Selestini ni nani, nami nimetafuta mpaka nimepata. Hapana mtu, Mama. Alikuwa anakuja nyumbani. Lori lilisimama, yeye alikuwa bado anakuja kwako.

Nisalimie wote wa kwa Bibi, nisalimie majirani wa bondeni, na mwambie Zaitun kwamba chungu chake hakivuji, nilimsema bure. Filbert anakuamkia. Mjomba amekaa hapa mlangoni ananitazama nikiandika. Nimemwuliza anakuambiaje, amesema atakuambia akifika.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Teodosia